Vipande Vyenye Namba: Treni za Modeli za Kijapani, Meli za Kuunganishwa na Vigari vya Makopo katika Historia ya Reli ya Mwanza

Utangulizi

Historia ya reli ya Tanganyika imeandikwa kwa tani, kwa mikopo na kwa jasho. Majalada ya wakoloni yalihesabu marobota ya pamba, magunia ya karanga na riba ya fedha zilizokopwa. Wanahistoria wa baada ya uhuru, wakiifuata njia iliyofunguliwa na Walter Rodney mwaka 1972, waliitazama reli kama mrija wa kuitoa mali ya bara na kuifikisha baharini. Mitazamo hiyo haipingwi hapa. Makala hii inauliza swali jingine, ambalo kwa mara ya kwanza huonekana dogo: wakazi wa mwambao wa Mwanza waliifahamu vipi treni yenyewe, yaani chombo chenye vipimo, viungo, rangi na namba, na ufahamu huo umehifadhiwa wapi?

Ili kulijibu swali hilo tunaanza mbali kidogo, katika hobi ya kukusanya na kurekebisha treni za modeli nchini Japani. Mtahini ana haki ya kuuliza Japani imeingiaje katika historia ya Usukuma. Imeingia kwa sababu ya ulinganifu usiozoeleka. Japani na Tanganyika zote zilianza na reli nyembamba, na zote baadaye zilijenga reli ya milimita 1435 kandokando ya ile ya zamani: Japani mwaka 1964, Tanzania katika miaka yetu hii. Lakini nchini Japani kila badiliko la reli lilifuatwa na jeshi la raia wenye visu vidogo, brashi na lenzi, walioinakili kila treni kwa udogo na kuiandikia tarehe. Mwanza haikuwa na jeshi la namna hiyo. Ilikuwa na watoto wenye makopo ya samaki na waya, na kazi zao zimeingia katika maandishi, pale zilipoingia, kama michezo tu.

Hoja ya makala hii ni kwamba modeli ni waraka. Anayeunda kitu kwa udogo hulazimika kuamua ni sehemu ipi ya kitu hicho isiyoweza kuachwa, na uamuzi huo ni ushahidi wa namna alivyokielewa. Tukilikubali hilo kwa treni ya plastiki iliyotengenezwa Tokyo, hatuna sababu ya kulikataa kwa treni ya maboksi ya kiberiti iliyoburutwa kwenye vumbi la Igogo.

Milimita tisa na milimita elfu moja

Njia ya kwanza ya reli nchini Japani, kutoka Shimbashi hadi Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872 kwa upana wa milimita 1067. Wajerumani, walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walichagua milimita 1000. Reli hiyo ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilishwa na Waingereza, na treni ikafika ziwani mwaka 1928, takribani kilomita 380 kutoka Tabora. Kwa wakati huo upana wa reli haukuwa tena jambo la kujadiliwa. Upande wa pili wa ziwa Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, nayo ilikuwa ya milimita 1000, kwa mfano wa reli za mita za India. Kwa hiyo reli mbili zilizojengwa na wakoloni wawili waliohasimiana zilikutana majini zikiwa na kipimo kimoja. Kabla ya 1928 pamba ya Mwanza ilivuka ziwa hadi Kisumu na kushuka Mombasa. Baada ya 1928 Dar es Salaam ilipata njia yake ya kuigombea pamba hiyo. Ushindani wa bandari hizo mbili umeandikwa vya kutosha. Kisichoandikwa ni kwamba behewa la upande mmoja lingeweza kusimama juu ya reli ya upande mwingine.

Tofauti kati ya milimita 1067 na 1000 ni karibu upana wa vidole vinne. Ni ndogo, lakini imetenda mengi. Magari ya mitumba ya Kijapani yameifika Mwanza kwa maelfu, kwa kuwa barabara haina upana maalumu unaolikataa gurudumu. Mabehewa ya mitumba ya Kijapani yamekwenda Indonesia, ambako reli ni ya milimita 1067, yakaendelea kubeba abiria wa Jakarta kama yalivyowabeba wa Tokyo. Myanmar, yenye reli ya mita, ililazimika kubadilishiwa nafasi ya magurudumu. Reli ya Kati ingehitaji kazi hiyohiyo. Inafaa kukumbusha kwamba Tanzania inayo reli moja ya kipimo cha Japani, nayo ni TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 ili iungane na reli za Kusini mwa Afrika. Ndiyo maana Kidatu, mahali TAZARA inapokutana na tawi la Reli ya Kati, mizigo hushushwa na kupakiwa upya. Nchi moja, reli mbili zisizokaa pamoja.

Sasa tuichukue tofauti hiyo tuipunguze. Treni za modeli zinazopendwa zaidi Japani ni za kundi liitwalo N, jina linalotokana na milimita tisa za upana wa reli yake. Kampuni ya Kato ilitoa treni yake ya kwanza ya kundi hilo mwaka 1965, kichwa cha mvuke cha aina ya C50; Tomy iliingia na chapa ya Tomix mwaka 1976. Skeli iliyokubalika kwa treni za reli nyembamba ni 1:150, na kwa treni za mwendokasi za Shinkansen ni 1:160. Hesabu ni rahisi na inafundisha. Milimita 9 zikizidishwa kwa 160 ni 1440, ambayo inakaribiana sana na 1435 ya Shinkansen. Zikizidishwa kwa 150 ni 1350, wakati treni halisi inapita juu ya 1067. Maana yake ni kwamba treni ya kawaida ya Kijapani, katika umbo la modeli, inasimama juu ya reli iliyo pana kupita kiasi kwa karibu robo nzima. Kila mkusanyaji anajua hivyo. Wapo walioukataa uongo huo na kuunda treni zao kwa skeli ya 1:87 juu ya reli ya milimita 12, ambayo inakaribia ukweli zaidi. Wengi wameukubali kwa sababu mwili wa behewa ni sahihi na reli inauzwa kila duka.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo thamani ya kihistoria ya hobi hii ilipo. Mkusanyaji hanunui treni kwa jumla. Hununua treni ya njia fulani, ya karakana fulani, ya mwaka fulani. Seti nyingi za Tomix huuzwa zikiwa hazina namba. Ndani ya boksi mna karatasi ya namba ndogo za kubandika, na mnunuzi huchagua mwenyewe behewa lake liwe lipi kati ya yale yaliyowahi kuwapo. Kisha hubadilisha viunganishi, hutia taa za ndani, huweka kibao cha mwisho wa safari, hupaka rangi ya kutu na vumbi pale ambapo treni halisi ilishika kutu na vumbi. Kila hatua inamtaka atafute picha, aulize wafanyakazi wastaafu, alinganishe miaka. Shirika la Reli la Taifa la Japani lilipogawanywa na kubinafsishwa Aprili 1987, na njia nyingi za vijijini zilipofungwa au kukabidhiwa kwa wengine katika muongo huo, rangi za shirika la zamani hazikupotea. Zilihamia mezani. Baadhi ya makusanyo hayo yamekuwa taasisi: makumbusho ya modeli za reli ya Hara, mjini Yokohama, yaliyofunguliwa mwaka 2012, yametokana na kazi ya mkusanyaji mmoja, Hara Nobutaro.

Hobi ya namna hiyo haikujengeka Mwanza, na hakuna haja ya kulitafutia jambo hilo sababu za kitamaduni. Inahitaji chumba kisichotumika kwa shughuli nyingine, fedha za ziada, na duka la jirani. Umeme peke yake haukuwa kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa: treni za N hutumia volti 12 za mkondo mnyofu, kiasi ambacho betri ya bodaboda inakitoa bila shida.

Meli zilizokuja kwa vipande

Wakati huohuo, wazo lenyewe la seti ya kuunganisha, vipande vilivyotiwa namba ili mtu aliye mbali avifunge kwa kufuata mchoro, halikuwa geni ziwani hata kidogo. Mwambao wa Ziwa Viktoria ulilifahamu wazo hilo kwa ukubwa kamili, zaidi ya nusu karne kabla ya Kato.

Ziwa halina njia ya bahari inayopitika kwa meli. Kila chombo cha chuma kilichoelea juu yake kabla ya karakana za ziwani kukomaa kililetwa kwa vipande. Utaratibu ulikuwa huu: meli iliundwa kiwandani Uskoti, ikafungwa kwa bolti badala ya ribiti, kila kipande kikatiwa alama, kisha ikafumuliwa yote na kupelekwa Mombasa. Ya kwanza, SS William Mackinnon, ilianza kusafirishwa kabla reli haijafika ziwani, hivyo vipande vyake vilipita pia mabegani mwa wapagazi, na ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Winifred na Sybil zilifuata katika miaka michache ya mwanzo ya karne, zote mbili zikitoka katika kiwanda cha Bow, McLachlan mjini Paisley. Ziwa Tanganyika lilipata mfano wake mashuhuri zaidi: Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa katika maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba utaratibu huo haukukoma pamoja na enzi ya mvuke. MV Victoria, meli iliyobeba vizazi vya abiria kati ya Mwanza na Bukoba, iliundwa na Yarrow mjini Glasgow, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Kiwanda hichohicho kilitengeneza meli mbili za kubebea mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, katikati ya miaka ya 1960. Majina yao yanaonyesha mwaka wao. Meli hizo mbili zilikuwa reli inayoelea: sitaha imetandikwa reli za mita, meli hurudi nyuma hadi kwenye gati, reli za nchi kavu na za sitaha hulinganishwa, na mabehewa husukumwa ndani bila mfuko mmoja kushushwa. Mwanza Kusini, Kisumu na Port Bell ziliunganishwa kwa njia hiyo kuwa stesheni tatu za mtandao mmoja.

Fundi wa Kisumu au wa Mwanza aliyeshika kipande chenye namba na kukitafutia jirani yake hakuwa mpokeaji tu wa teknolojia. Kuunganisha upya si kazi ya utii mtupu. Bamba lililopinda katika safari ya bahari na reli halikubali bolti mpaka linyooshwe. Tundu lililokosewa Glasgow hutobolewa upya Kisumu. Aliyeifunga meli kwa mikono yake anaijua kwa namna ambayo mchoraji wake hakuijua. Ujuzi huo ulikaa katika karakana na kwenye chelezo za ziwani, ukapita kutoka fundi mkuu hadi msaidizi, mara nyingi kwa Kiswahili kilichosheheni maneno ya Kihindi na Kiingereza, na haukuandikwa. MV Mwanza, iliyoundwa kwenye chelezo ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023, ilitangazwa kama mwanzo mpya, na kwa ukubwa wake kweli ni mpya. Lakini kuleta vifaa kutoka ng'ambo, safari hii Korea Kusini, na kuvifunga ufukweni ni desturi ya ziwa hili yenye umri wa zaidi ya miaka 120. Mwandishi anaona kwamba waandishi wa habari wameinyima meli hiyo nasaba yake.

Makopo, waya na kandambili

Sasa tunageukia upande mwingine wa uundaji, ule usio na namba wala mchoro.

Kigari cha kuchezea cha mwambao huu kina malighafi zake zinazofahamika. Mwili hutoka kwenye kopo la samaki, dumu la mafuta lililokatwa, boksi la maziwa, au mabua yaliyomenywa na kuunganishwa kwa miiba. Magurudumu hukatwa kwenye soli ya kandambili iliyochakaa, au huwa vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari. Waya mwembamba hupatikana kwenye tairi lililochomwa. Usukani hufungwa kwenye fito ndefu ili dereva asimame na kukimbia nyuma ya gari lake. Treni, kwa kuwa ni mfululizo, hupenda maboksi ya kiberiti yaliyoshonwa kwa uzi, au makopo kadhaa yaliyofungwa kopo kwa kopo.

Mtafiti aliyekulia katika mitaa inayosikia honi ya treni ya Mwanza anajua kwamba mtoto haundi basi tu. Anaunda basi la aina fulani, lenye pua ndefu au fupi, ngazi ya nyuma ya kupandia mizigo, kioo cha pembeni, antena. Wenzake humhukumu kwa hayo. Basi lenye uso wa Scania likipewa taa za Fuso, mtaa mzima utacheka. Hukumu hiyo ni sawa kabisa na ya mkusanyaji wa Kijapani anayemwonyesha mwenzake kwamba behewa alilolibandika namba fulani halikuwahi kuwa na dirisha la aina ile. Tofauti ni kwamba mmoja anathibitisha kwa picha iliyochapishwa, mwingine kwa kumbukumbu ya macho, na kwamba hukumu ya pili huisha jioni ileile.

Katika treni ya maboksi ya kiberiti kuna jambo la kiufundi linaloshangaza kidogo. Watoto huacha mengi: moshi, milango, hata magurudumu mara nyingine. Kisichoachwa ni kiungo. Uzi lazima uwe na ulegevu wa kutosha ili treni ipinde konani, na usiwe mrefu mno kiasi cha mabehewa kugongana linaposimama la mbele. Hilo ndilo tatizo lilelile linalowafanya wakusanyaji wa Kijapani wabadilishe viunganishi vya kiwandani kwa vile vinavyosogeza mabehewa karibu zaidi: ukaribu hupendeza macho, lakini kona kali hudai nafasi. Mtoto wa Mwanza alilitatua kwa uzi wa kushonea. Kwa maoni yetu, hapa pana ushahidi wa jinsi treni ilivyoeleweka na aliyeitazama kutoka nje ya uzio: kwake treni ni uhusiano wa vitu vinavyovutana, kabla haijawa mashine.

Wala haifai kudhani kuwa uundaji wa vitu vidogo ulikuwa wa watoto peke yao. Usukuma una utamaduni wa watu wazima wa kushindana kwa vitu vilivyoundwa. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayohusishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, huamuliwa na watazamaji: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lililovuta umati mkubwa ndilo mshindi. Katika mashindano hayo viongozi wa ngoma walitumia mbinu nyingi za kuvuta macho, zikiwemo sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyotokana na juhudi za Padri David Clement, yamehifadhi sehemu ya urithi huo wa ngoma. Kwa hiyo kitu kilichoundwa kwa mkono, chenye kiungo kinachosogea na kinachofanana na kiumbe halisi, kilikuwa na soko la heshima Usukuma. Uhusiano wa moja kwa moja kati ya sanamu ya ngoma na kigari cha kopo haudaiwi hapa. Kinachodaiwa ni kwamba mtoto aliyeunda kigari aliishi katika jamii iliyojua kulitazama jambo kama hilo na kulipima.

Urekebishaji wa magari halisi umepata mwanahistoria wake. Joshua Grace, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu historia ya magari Tanzania, ameonyesha kwamba gereji na madereva walikuwa mahali pa utengenezaji wa teknolojia. Daladala za Mwanza zinathibitisha: Hiace inayowasili ikiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni, pengine jina la shule ya chekechea, hung'olewa viti, hupangwa vingine vingi zaidi, hupewa jina, zulia na spika. Maandishi ya Kijapani mara nyingi huachwa. Yamekuwa pambo, na wenye magari wengine huyaona kama hati kwamba gari halijatumika sana nchini. Reli, kwa upande wake, bado haijapata kitabu cha namna ya Grace. Jamie Monson aliikaribia kazi hiyo kwa TAZARA mwaka 2009, lakini shauku yake ilikuwa zaidi kwa wakulima na wafanyabiashara waliosafiri na treni kuliko kwa mikono iliyoirekebisha.

Kinachopotea Mwanza Kusini

Mambo haya yangeweza kubaki ya kinadharia kama reli ya mita isingekuwa ukingoni mwa mabadiliko. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341 pamoja na njia za kupishania. Upana wake ni milimita 1435. Mwandishi ni miongoni mwa wanaoisubiri kwa hamu. Hata hivyo, behewa la milimita 1435 haliwezi kuingia juu ya sitaha iliyotandikwa reli za milimita 1000, na mtandao wa zamani wa Kisumu na Port Bell unabaki wa mita. Mahali ambapo reli za Wajerumani na Waingereza zilikubaliana bila kupanga, yaani juu ya maji, ndipo makubaliano hayo yatakapolazimika kutafutwa upya.

Nyaraka za makubaliano ya zamani zimetawanyika. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1948, likaendelea katika maumbo tofauti hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na mali zikagawanywa: Umoja na Victoria zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Kilichogawanywa kilikuwa vyuma. Kumbukumbu zilibaki pale zilipokuwa. Mfano mmoja unatosha. Shirika hilo lilivipa baadhi ya vichwa vyake vya mvuke majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Kichwa namba 3020 kiliitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida, na leo kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mwanafunzi wa Singida anayetaka kukiona hupanda basi na kuvuka mpaka. Nairobi inastahili shukrani kwa kukitunza. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1971, wakati ambapo mvuke ulikuwa bado haujamalizika njiani.

Mwanza yenyewe inavikumbuka vyombo vyake kwa namna ya kusikitisha. Meli ya Ziwa Viktoria iliyo na kumbukumbu ya wazi kuliko zote mjini ni MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kumbukumbu hiyo ni makaburi ya Igoma. Ni haki na ni lazima. Lakini chombo kinachokumbukwa kwa kifo peke yake hakiachi swali la jinsi kilivyoundwa, kilivyobadilishwa na kilivyopakiwa, na hayo ndiyo maswali ambayo walionusurika na ndugu wa marehemu waliyauliza kwanza.

Tukirudi kwenye hoja ya modeli, kazi inayohitajika ina sura ya vitendo. Mtu anayetaka leo kuunda sitaha ya MV Umoja kwa skeli ya 1:150, ili mabehewa yake yakae pamoja na treni za Kijapani za N zilizopakwa upya rangi za shirika letu, atagundua mara moja kwamba reli ya milimita 9 haifai. Anahitaji milimita 6.67. Reli ndogo za kundi liitwalo Z, zinazouzwa pia Japani, ni za milimita 6.5, zikizidishwa kwa 150 ni 975, pungufu kwa milimita 25 tu ya reli ya mita. Ukaribu huo ni bora kuliko ule ambao Mjapani wa kawaida ameuridhia kwa treni za nchi yake. Lakini akishapata reli, atakwama kwenye mengine yote: sitaha ina njia ngapi na zinaachana wapi, behewa lilifungwa kwa mnyororo wa aina gani lisisogee ziwa linapochafuka, daraja la gatini lilipanda na kushuka vipi kina cha maji kilipobadilika, rangi ya ubavu ilikuwa ipi mwaka 1966, mwaka 1977, na mwaka 2018 meli iliporejea kwenye safari ya Port Bell. Majibu ya maswali hayo yamo katika vichwa vya mafundi, mabaharia na makuli wa Mwanza Kusini, wengi wao wakiwa wamestaafu.

Kwa sababu hiyo, sura zinazofuata za tasnifu hii hazitaanza na majalada ya mapato. Zitaanza na orodha ya vipimo vya sitaha, vilivyochukuliwa kwa futikamba gatini, na karatasi ya namba za mabehewa ya mita yaliyobaki katika yadi ya Mwanza, zikiandikwa jinsi zilivyopakwa ubavuni, pamoja na zile zilizopakwa juu ya namba nyingine ambazo bado zinasomeka chini yake.